Imegoma, Imekubali

“Kaka, imegoma.”

Wanafunzi wanaoleta kompyuta zao mezani kwangu huanza hivyo karibu wote, tena kwa sauti ya mtu aliyefiwa. Mimi moyoni nafurahi. Programu iliyogoma imesema ukweli: imeshindwa, imetaja mstari iliposhindwa, na mara nyingi imetaja na sababu. Hapo kazi yangu huwa ndogo. Ninayemwogopa ni yule anayekuja Ijumaa jioni akitabasamu, kwamba imekubali, grafu imetoka nzuri, na sura ya nne ya tasnifu ameshaianza. Huyo ndiye ninayemvutia kiti.

Kazi yangu ni kuwasaidia wanaoanza kuandika programu za data za molekuli: protini, jeni, viambato vya dawa. Swali ninaloulizwa kila mara ni namna ya kujua kama msimbo ni mzuri au mbaya kabla haujamwaibisha mwenyewe. Jibu langu halijabadilika. Usiutazame unavyopatia, utazame unavyokosea. Msimbo wa duka ukikosea chenji, mteja atarudi na kelele zake. Wa benki ukivuruga salio, simu zitapigwa usiku huohuo. Atomu hazilalamiki. Ukiita kalsiamu kaboni itakaa kimya, na namba itakayotoka itakuwa na desimali zake tatu safi kama namba nyingine yoyote.

Nianze na kosa ninalolipenda kuliko yote. Dada mmoja wa shahada ya uzamili alikuwa anachunguza himoglobini na ugonjwa wa selimundu. Alitaka programu ndogo tu: ipewe mfuatano wa mnyororo wa beta, iseme kama una badiliko la selimundu au hauna. Badiliko lenyewe ni maarufu. Kwenye jeni la beta, kodoni GAG inakuwa GTG, na glutamati, ambayo huandikwa kwa herufi E, inaiachia nafasi yake valini, yaani V. Vitabu vyake vilisema badiliko liko nafasi ya 6. Akaandika mfuatano[6].

Mfuatano alioanza nao ulitokana na jeni, nao unaanza hivi: MVHLTPEEK. Akaujaribu ulivyo, programu ikatoa E. Akabadilisha E ya kwanza kuwa V kwa mkono wake, akajaribu tena, ikatoa V. Imekubali. Mpaka hapo hata mimi ningesaini.

Sasa hesabu nami. Python huanza kuhesabu na sifuri, kwa hiyo [6] ni herufi ya saba, na herufi ya saba ya mfuatano huu ndiyo E hasa inayobadilika. Imekuwaje kitabu kiseme 6, Python ichukue ya 7, na jibu liwe sahihi? Ni ile M ya mwanzo. Protini inapotengenezwa huanza na methionini, kisha mara nyingi methionini hiyo hukatwa, kama hapa. Wataalamu wa zamani walihesabu protini iliyokwisha kukatwa. Utaratibu wa leo wa kuandika mabadiliko ya jeni unaihesabu M, ndiyo maana badiliko hilohilo siku hizi unalikuta limeandikwa nafasi ya 7. M imesogeza mbele hatua moja, sifuri ya Python imerudisha nyuma hatua moja. Makosa mawili yamefutana, na mwenye programu hajui kwamba amefanya hata moja.

Kisha akaingia kwenye hifadhi ya Protein Data Bank akapakua 2HBS, himoglobini ya selimundu yenyewe, iliyopimwa kutoka kwenye fuwele zake. Mnyororo wa beta humo unaanza VHLTPVEK. Hakuna M. V ya ugonjwa iko wazi, ya sita. Lakini [6] ni ya saba, na ya saba kwa bahati mbaya ni E nyingine, jirani wa ile iliyobadilika. Programu ikachapa: kawaida. Himoglobini ya selimundu imepewa cheti cha afya, bila onyo, bila mstari mwekundu hata mmoja.

Sikumwambia. Nilimuuliza, “Mdogo wangu, hapa ulitarajia nini?”

“Valini.”

“Imekupa nini?”

“E.”

“Chapa herufi kumi za mwanzo za mifuatano yote miwili, mmoja juu ya mwingine.”

Akachapa. Akaweka kidole kwenye skrini akawa anahesabu kwa kunong'ona kama mtu mwenye tasbihi. Alipofika mwisho akarudia. Kisha akanigeukia: “Kaka, M iko wapi?”

Mwenye haraka angebadilisha 6 kuwa 5 akaenda kunywa chai. Huko ni kulihamisha kosa chumba, maana sasa mfuatano wa jeni ndio utakaotoa jibu la ajabu. Nilichokipenda ni alichoandika yeye jioni ile. Programu yake siku hizi hutazama kwanza kama mfuatano unaanza na MVHLTP au VHLTP. Ikikuta kitu kingine chochote, inasimama na kuandika: “Sijui kuhesabu mfuatano huu.” Aliifundisha programu yake kugoma. Ubora ninaouzungumzia ndio huo, na aliufikia akiwa na miezi mitatu tu ya Python.

Mwezi uliofuata akarudi na data za jenomu. Safari hii tatizo lilikuwa baya zaidi, na nalieleza kwa sababu wengi wenye vyeo hulipita. Kwa lugha ya jeni, badiliko la selimundu ni A kuwa T. Kwenye mafaili ya jenomu utalikuta limeandikwa T kuwa A, kwa sababu jeni la beta liko kwenye uzi wa pili wa kromosomu ya 11, ule unaosomwa kinyumenyume. A na T ni wenza. Ukigeuza uzi unapata herufi zilezile mbili zikiwa zimebadilishana zamu. Lingekuwa badiliko la A kuwa G, kugeuza uzi kungeleta T na C, na mtu angeshtuka. Hapa hakuna cha kumshtua. Programu inayogeuza uzi bila kusema itawafanya wazima kuwa wagonjwa na wagonjwa kuwa wazima, na jedwali litabaki linapendeza. Ongeza na hili: toleo la jenomu liitwalo GRCh37 linaiweka herufi hiyo nafasi ya 5,248,232, na GRCh38 inaiweka 5,227,002. Kwa hiyo ninapopima msimbo wa jeni, natafuta mistari miwili: panaposemwa uzi upi, na panaposemwa toleo gani. Isipokuwepo, sihitaji kusoma zaidi.

Kwenye msimbo wa protini, mahali pa kwanza ninapotazama ni pale faili linapofunguliwa. Asilimia kubwa ya tabia ya mwandishi inaonekana pale. Hifadhi ya Protein Data Bank ilianzishwa 1971 kwenye maabara ya Brookhaven huko Marekani ikiwa na miundo saba tu; leo ina zaidi ya 200,000. Muundo wa mafaili yake ya zamani ni wa enzi za kadi za kutobolewa, zenye safu 80. Kila kitu kina kiti chake. Jina la atomu linakaa safu ya 13 hadi 16, mnyororo safu ya 22, namba ya asidi amino 23 hadi 26, na kipimo cha x safu ya 31 hadi 38. Mwandishi aliyesoma maelezo ataandika mstari[30:38]. Asiyesoma atakata mstari kila penye nafasi tupu, kwa amri ya split, kwa sababu mafaili matatu aliyoyaona yalikuwa na nafasi tupu.

La nne halitakuwa nazo. Asidi amino ikifika ya 1000, namba inaungana na herufi ya mnyororo na kuwa A1000, neno moja. Kipimo kikiwa hasi na kirefu, kinabanana na jirani yake: -100.123-120.456. Hapo split itasogeza kila kitu kwa hatua moja, na z ikachukua kiti cha y. Wakati mwingine programu itagoma, na hiyo ni heri. Wakati mwingine itaendelea.

Ndani ya safu hizo kuna mtego mmoja mtamu. Kaboni ya alfa, ile inayoshika uti wa mgongo wa protini, huandikwa CA. Kalsiamu nayo huandikwa CA. Tofauti yao ni kwamba kalsiamu inaanza safu ya 13 na kaboni ya alfa inaanza safu ya 14, yaani nafasi moja tupu. Anayeanza, kwa kupenda usafi, hufuta nafasi zote tupu pembeni ya jina. Halafu anachukua kila CA ili achore uti wa mgongo wa kalmodulini, protini inayoshika kalsiamu nne, na anashangaa mstari wake unaruka kama panzi mwishoni. Dawa haiko mbali: safu ya 77 na 78 zinataja elementi yenyewe. Msimbo mzuri unaziuliza.

Kuna mengine ya aina hii ambayo nitayataja harakaharaka. Asidi amino moja inaweza kuandikwa mara mbili, mkao A na mkao B, na anayehesabu atomu atazihesabu zote. Miundo iliyopimwa kwa njia ya NMR badala ya fuwele huja na nakala nyingi ndani ya faili moja, mara nyingi ishirini. Sehemu ambazo fuwele haikuzionyesha vizuri hazipo kabisa, namba zinaruka kutoka 45 hadi 52, na anayehesabu kwa vidole badala ya kuisoma namba iliyoandikwa atapotea. Kwenye kingamwili utakutana na 52 ikifuatiwa na 52A. Hakuna haja ya kukariri haya. Anza na swali moja kwa msimbo ulio mbele yako: huyu aliandika baada ya kuona mafaili mangapi?

Utaniuliza kwa nini basi mtu aandike msomaji wake mwenyewe wakati Biopython na MDAnalysis zipo bure. Kwa maoni yangu kila anayeanza aandike wa kwake mara moja, ateseke nao wiki moja, kisha autupe na kutumia maktaba. Ambaye hakuwahi kuandika hajui maktaba inamwokoa na nini. Ambaye hakuutupa ana kiburi.

Fundi wa kazi hii anabeba namba chache kichwani kama konda anavyobeba nauli za vituo vyote. Oksijeni na hidrojeni kwenye maji: angstromu 0.96. Pembe ya maji: nyuzi 104.5. Kaboni kwa kaboni kwa kifungo kimoja: 1.54. Kaboni ya alfa hadi ya jirani yake: 3.8. Namba hizi ni chache na zinatosha kukamata wezi wengi. Programu ikikwambia pembe ya maji ni 1.82, haijaharibika, imejibu kwa radiani. Ikisema kaboni za alfa ziko 0.38 kutoka kwa jirani, imejibu kwa nanometa. Maktaba ya MDTraj hutumia nanometa na ya MDAnalysis hutumia angstromu, na mwanafunzi aliyechanganya msimbo wa marafiki wawili atakuwa na vyote viwili kwenye faili moja. Kifungo chenye urefu wa angstromu 60? Molekuli imevuka ukuta wa boksi la uigizaji wa kompyuta na kutokea upande wa pili, na hakuna aliyeiunganisha. Kosa la nishati nalo lina sura yake: hartree moja ni kilokalori 627.5 kwa moli, kwa hiyo jibu lililo dogo au kubwa kupita kiasi kwa takriban mara 600 halihitaji kikao.

Ndiyo maana naupa alama nyingi msimbo ambao vigeu vyake vimebeba vipimo kwenye majina: umbali_angstromu, pembe_nyuzi. Hauvutii macho. Unaokoa.

Na ndiyo maana siku zote naomba faili la atomu tatu. Mtu analeta uigizaji wa protini yenye atomu laki moja, anasema namba hazieleweki. Laki moja nani atazikagua? Tuandike molekuli moja ya maji kwa mkono, mistari mitatu, tuilishe programu ileile. Jibu tunalijua kabla haijaanza. Ikikosea hapo, kosa limebaki mahali padogo pa kujificha. Ikipatia, tuongeze molekuli ya pili, tuiweke ng'ambo ya ukuta wa boksi, tuone. Nimeona matatizo ya wiki tatu yakiisha kwa dakika ishirini kwa njia hii, na mara nyingi mimi sikufanya lolote zaidi ya kukataa kuliangalia faili kubwa.

Nije kwenye alama mbaya kuliko zote. Kwenye Python unaweza kuiambia programu: jaribu hiki, kikishindikana, pita. Huandikwa kwa mistari miwili, except na pass. Huku ni kuziba king'ora kwa kitambaa kwa sababu kinapiga kelele. Nasema kwa uchungu kwa kuwa niliwahi kufanya hivyo mwenyewe, kwenye maabara moja, nikiwa na orodha ya molekuli zaidi ya elfu zilizoandikwa kwa SMILES, ile lugha ambayo benzini huandikwa c1ccccc1. Maktaba ya RDKit ikishindwa kuisoma molekuli haigomi, inakurudishia None, yaani hakuna kitu, na mimi nilikuwa nimeandika kwamba ikirudi None iruke. Grafu ikatoka. Tukaandika ripoti kwamba viambato vyenye metali havionyeshi dalili ya kufanya kazi. Miezi baadaye mwenzangu aliuliza viambato vyenye metali vilikuwa vingapi. Nikaenda kuhesabu. Karibu vyote vilikuwa vimeandikwa kwa vifungo visivyosomeka, navyo vikarukwa. Tulikuwa tumetoa hukumu juu ya watu ambao hawakuingia mahakamani.

Mfugaji huhesabu mbuzi wakitoka na huwahesabu wakirudi. Msimbo wa data ufanye hivyohivyo: ziliingia ngapi, zimetoka ngapi, zilizopotea ni zipi na kwa nini. Mstari mmoja mwishoni. Nikiukuta mstari huo kwenye kazi ya mtu nisiyemjua, tayari namheshimu.

Kimya cha namna hii hakiwapati wanaoanza peke yao. Mwaka 2014 ilichapishwa programu ndogo ya Python ya kukokotoa namba za NMR, ijulikanayo kwa majina ya Willoughby na Hoye, na ikatumiwa na wakemia wengi. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Hawaii, waliokuwa wanachunguza viambato vya bakteria wa majini, waligundua kwamba data zilezile, programu ileile, inatoa jibu tofauti kulingana na kompyuta: 173.2 kwenye Windows 10 na macOS Mavericks, 172.7 kwenye macOS Mojave, 172.4 kwenye Ubuntu 16. Kwa mkemia anayelinganisha molekuli mbili zinazofanana, pengo hilo linatosha kumpoteza. Sababu? Programu iliomba orodha ya mafaili ikategemea yaje yamepangwa. Python haikuwahi kuahidi mpangilio. Kila mfumo wa kompyuta unaleta kwa namna yake. Mafaili yakaoanishwa na wenzi wasio wao. Tiba ya msingi ni neno moja, sorted. Waandishi hawakuwa wazembe. Kwenye mashine zao ilikuwa imekubali.

Kisa kizito zaidi ni cha maabara ya Geoffrey Chang, Taasisi ya Scripps, California. Tangu 2001 ilichapisha miundo ya protini za utando wa seli iliyosifiwa sana. Mwaka 2006 watafiti wa Uswisi wakatoa muundo wa protini ya ukoo uleule, haukulingana. Chang alipofuatilia, alikuta programu ndogo ya kuchakata data, isiyokuwa sehemu ya vifurushi vya kawaida, imebadilisha alama ya tofauti fulani, chanya ikawa hasi. Muundo wote ukawa umegeuka kama mkono wa kushoto unavyoonekana kwenye kioo kuwa wa kulia. Makala tano ziliondolewa. Hakuna siku hata moja programu ile iliyogoma.

Kimya cha namna hiyo kipo hata kwenye safu ya halijoto ya mafaili ya protini, nayo inastahili sentensi zake. Kwenye muundo wa fuwele, namba kubwa katika safu ya 61 hadi 66 ina maana atomu haikuonekana vizuri. Mafaili ya AlphaFold, ambayo hifadhi yake ilifunguliwa 2021, yanaweka palepale kiwango cha imani, na huko kubwa ndiyo nzuri. Zaidi ya 90 ni ya kuaminika sana. Mwanafunzi anayebaki na mazoea ya “chini ya 50 ndiyo safi” atatupa karibu protini nzima na kubaki na mikia iliyolegea.

Msaidizi naye apimwe. Mimi humpima kwa mikono. Akishika kibodi dakika ya kwanza, simo. Mgeni akikwambia imegoma, mwache yeye asome ujumbe wa hitilafu kwa sauti, na umfundishe kuanzia chini kwenda juu, kwa sababu Python huandika sababu mstari wa mwisho na yeye amezoea kuogopa mstari wa kwanza. Mwache abadilishe kitu kimoja, aendeshe, atazame, ndipo cha pili. Kubadilisha vitu vitano kwa mpigo ni kupiga ramli. Kuna wanaosaidia kwa kuandika upya kila kitu kwa mtindo wao, mistari mifupi ya kijanja, kisha wanaondoka wakiwa wameridhika. Mwenye kazi anabaki na msimbo mzuri asioweza kuusoma. Kosa likirudi atakuwa mgeni nyumbani kwake.

Siku hizi msimbo mwingi ninaoletewa umeandikwa na akili mnemba. Sina ugomvi nao. Umevaa vizuri, una maelezo kila mstari, majina yamenyooka. Lakini utafute ndani yake ile except ya kimya. Utaikuta mara nyingi kuliko unavyodhani, imewekwa kwa adabu kabisa ili mteja asisumbuliwe. Usilipie nguo. Wepesi wa programu nao usikulaghai, wala ufupi wake.

Kipimo changu cha mwisho hakihitaji ujuzi wowote, unaweza kukifanya leo kwa msimbo wa mtu yeyote. Tengeneza faili tupu, lisilo na atomu hata moja, ulilishe programu. Ikisema “faili hili halina atomu” na kusimama, kaa uusome msimbo huo kwa utulivu, mwandishi wake ni mtu wa kuaminika. Ikikujibu kwamba wastani wa umbali ni 0.000, mrudishie mwenyewe.